Bakshishi, Kodi na Mshahara wa Dola Mbili

Tarehe 9 Juni 2024, katika mkutano wa hadhara uliofanyika Las Vegas chini ya jua la jangwani, Donald Trump aliahidi kwamba akirejea madarakani atafuta kodi ya bakshishi kwa wahudumu wa migahawa na hoteli. Miezi miwili baadaye, tarehe 10 Agosti, Kamala Harris alisimama katika jiji hilohilo na kutoa ahadi inayofanana nayo. Wagombea wawili ambao hawapikiki chungu kimoja walikuwa wamekutana kwenye sahani ya mhudumu. Mwaka uliofuata, tarehe 20 Mei 2025, Baraza la Seneti la Marekani lilipitisha muswada wa jambo hilo bila sauti hata moja ya kupinga, na tarehe 4 Julai wazo lenyewe likaingia katika sheria kubwa ya kodi iliyotiwa saini siku hiyo.

Ninapoona vyama viwili hasimu vikikubaliana kwa wepesi namna hiyo, hujiuliza ni nani ambaye hakudaiwa kutoa chochote. Ndilo swali nililowapa wanafunzi wangu wa semina ya sera za umma, na mjadala ulikuwa mkali kuliko nilivyotarajia. Wengi wao waliisifu sheria ile. Mmoja, kijana mwenye ufasaha na hasira za kutosha, alisema: "Mwalimu, mtu amesimama saa kumi kwa miguu, mteja kamwachia kitu kidogo kwa hiari yake, halafu serikali inyooshe mkono hata hapo?" Darasa likampigia makofi. Nami nilimwelewa. Lakini nilikuwa na ushahidi ambao yeye hakuwa nao, kwa sababu niliwahi kuishi miaka mitano katika nyumba iliyolishwa na bakshishi.

Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu Houston, Texas, nilipanga chumba kwa dada yangu, mtoto wa mama mdogo, aliyekwishaishi huko zaidi ya miaka kumi akihudumu katika mgahawa mmoja wa nyama na samaki. Masharti ya viza yangu ya masomo hayakuniruhusu kufanya kazi nje ya chuo, hivyo mimi nilisahihisha mitihani ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza na yeye akabeba sinia. Usiku akirudi, alimwaga noti mezani, akazipanga kwa makundi: ya kodi ya nyumba, ya petroli, ya kutuma Tanga kwa mama, na kundi dogo aliloliita "la mzungu". La mzungu lilikuwa la kodi.

Wiki za mwanzo nilidhani ninaelewa alichokuwa akikifanya. Kisha siku moja akanionyesha hati yake ya mshahara. Sehemu ya malipo halisi ilikuwa imeandikwa sifuri. Wiki nzima ya kazi, hati imechapishwa vizuri kwenye karatasi ya rangi ya samawati, na chini yake ni sifuri. Nikamwambia waende wakamshitaki mwajiri. Akacheka. "Mdogo wangu," akasema, "hapa mshahara ni karatasi. Anayenilipa ni mteja."

Maneno hayo ndiyo kiini cha suala zima, na yanahitaji kufafanuliwa kwa wasomaji ambao hawajawahi kuona hati ya aina hiyo.

Sheria ya kazi ya shirikisho la Marekani inaweka kima cha chini cha mshahara kuwa dola 7.25 kwa saa, kiwango ambacho hakijaguswa tangu 2009. Hata hivyo, kwa mfanyakazi anayepokea bakshishi, sheria hiyohiyo inamruhusu mwajiri kutoa mfukoni mwake dola 2.13 tu kwa saa, mradi bakshishi ifidie pengo lililobaki la dola 5.12. Kiwango hicho cha dola 2.13 kimesimama palepale tangu 1991. Mtu aliyezaliwa mwaka huo leo ana watoto shuleni. Baadhi ya majimbo yameikataa hesabu hii na kumtaka mwajiri alipe kima chote cha chini kabla bakshishi haijahesabiwa. Miongoni mwao ni California, Oregon, Washington, Minnesota na Nevada. Texas haimo. Na msomaji aangalie kwa makini: Las Vegas, mahali ahadi zote mbili zilipotolewa, iko Nevada, ambako mhudumu tayari alikuwa akipata kima chote cha chini kutoka kwa mwajiri kabla ya bakshishi. Ahadi ilitolewa mbele ya wale ambao karamu yao ilikuwa nono kidogo kuliko ya wenzao wa Kusini.

Haya hayakuanza jana. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe na kukomeshwa kwa utumwa, migahawa mingi na kampuni ya mabehewa ya kulala ya Pullman ziliwaajiri Weusi waliotoka utumwani kwa ujira mdogo mno, zikiwaachia wasafiri na walaji jukumu la kuwalipa kwa hisani. Wapo Wamarekani walioona aibu ya jambo hilo. Jimbo la Washington lilipiga marufuku bakshishi mwaka 1909, na majimbo mengine machache yakafuata, lakini sheria hizo zote zilikuwa zimefutwa kufikia 1926. Sheria ya kima cha chini cha mshahara ya 1938 iliwaacha nje wafanyakazi wengi wa migahawa. Walipoingizwa hatimaye, mwaka 1966, waliingizwa kwa mlango wa nyuma: bakshishi ilihesabiwa kuwa sehemu ya mshahara wao. Tangu hapo zawadi ya mteja ikawa ruzuku kwa mwajiri.

Sasa turudi kwenye sifuri ya dada yangu. Nitatumia tarakimu za mwaka 2025 ili mtu anayetaka kuzihakiki aweze, na nitamchukua mhudumu wa Texas anayefanya kazi saa 40 kwa wiki na kupata bakshishi ya dola 500. Mwajiri anamlipa dola 85.20 kwa wiki. Jumla yake ni dola 585.20. Kwa kuwa bakshishi anayo tayari mfukoni, makato yote, ya bakshishi na ya mshahara, yanakatwa kwenye zile dola 85.20. Kwanza unakatwa mchango wa hifadhi ya jamii na bima ya matibabu ya uzeeni, asilimia 7.65 ya mapato yote, yaani dola 44.77. Kisha kodi ya mapato ya shirikisho, ambayo kwa mtu asiye na mke, mume wala mtoto ni takriban dola 29. Kinachobaki kwenye hati ni dola 11. Wiki ambayo wateja wamekuwa wakarimu zaidi, hakibaki kitu, na mhudumu anaweza hata kudaiwa.

Sheria mpya inafanya nini katika hesabu hii? Inamruhusu mhudumu kutoa bakshishi yake, hadi dola 25,000 kwa mwaka, katika mapato yanayotozwa kodi ya mapato. Imewekwa kwa miaka minne tu, 2025 hadi 2028. Kwa mhudumu wetu asiye na familia, kodi yake ya mwaka, takriban dola 1,523, inafutika yote. Si haba. Ni kama dola 29 kwa wiki, na mtu aliyewahi kuhesabu noti mezani saa saba za usiku hatazidharau.

Lakini yale makato ya asilimia 7.65 hayajaguswa. Dola 44.77 kila wiki, zaidi ya dola 2,300 kwa mwaka, zinaendelea kukatwa kama kawaida. Wanasiasa walitangaza kwamba bakshishi haina kodi, na mhudumu akifungua hati yake bado anaona makato makubwa kuliko yale yaliyofutwa.

Tumchukue sasa mhudumu mwingine, mwenye mapato yaleyale dola kwa dola, isipokuwa huyu analea watoto wawili peke yake. Dada yangu alikuwa mmoja wao. Mkuu wa kaya wa namna hiyo alikuwa na msamaha wa awali wa dola 23,625 mwaka 2025, hivyo kodi yake kwenye kilichobaki ni takriban dola 680, na nafuu ya kodi kwa ajili ya watoto inaifuta yote na kumrudishia ziada juu yake. Weka sheria mpya ya bakshishi juu ya hesabu hiyo: nilifanya hesabu hiyo mara mbili, kisha nikampa mwanafunzi aifanye mara ya tatu. Anapata sifuri. Alikuwa hadaiwi kodi ya mapato kabla, na hadaiwi sasa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliokwisha kulitazama suala hili mwaka 2024 walikuta kwamba asilimia 37 ya wafanyakazi wa bakshishi walikuwa na mapato madogo kiasi kwamba hawakuwa wakidaiwa kodi ya mapato ya shirikisho hata kidogo. Hao ndio maskini wa sekta hiyo, na ahadi ilipita juu ya vichwa vyao.

Na mhudumu wa mgahawa wa kifahari anayekusanya bakshishi ya dola 60,000 kwa mwaka? Yeye anaokoa takriban dola 3,000. Simwonei wivu, kazi anaifanya. Ninachosema ni kwamba sheria inayotangazwa kwa jina la mama anayelea watoto wawili imemfaidi zaidi mtu mwingine. Pia imemwacha nje mpishi ambaye bakshishi haimfikii jikoni, na mtunza fedha wa dukani mwenye mapato yaleyale ambaye mteja hamwachii chochote. Tena sheria inadai namba ya hifadhi ya jamii, hivyo mhamiaji anayelipa kodi kwa namba ya mlipakodi pekee, na jikoni kwa migahawa ya Marekani wamo wengi wa namna hiyo, hapati nafuu hiyo hata kama amepokea bakshishi.

Nimemzungumzia mhudumu kwa kirefu. Mwajiri naye ana kisa chake, na sipendi uandishi wa kiharakati unaomchora kila mwenye mgahawa kuwa mnyonyaji mwenye kitambi. Houston ile ile palikuwa na mzee mmoja mwenyeji wa Mombasa aliyeendesha mgahawa mdogo wa biriani, mishikaki na mahamri; wanafunzi wa Afrika Mashariki tulikuwa tukikusanyika pale Jumamosi. Aliajiri wahudumu wanne. Jioni moja alinieleza dhiki yake kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuirudia mara nyingi: "Mwanangu, pesa zenyewe sizishiki, lakini kodi yake nadaiwa mimi."

Alikuwa akisema kweli. Kwa kila dola ya bakshishi anayopokea mhudumu, mwajiri anadaiwa mchango wake mwenyewe wa asilimia 7.65, sawa na ule wa mfanyakazi. Kwa mhudumu wetu wa dola 500 kwa wiki, hiyo ni dola 38.25 zinazotoka kwa mwajiri kwa ajili ya fedha ambazo mteja amezitia mkononi mwa mtu mwingine. Mwenye wahudumu ishirini anakaribia dola 40,000 kwa mwaka. Ndiyo sababu mwaka 1993 Bunge la Marekani liliwapa wenye migahawa nafuu maalumu: sehemu kubwa ya mchango huo wanaweza kuitoa katika kodi yao ya mapato. Katika mfano wetu, kati ya zile dola 38.25, takriban dola 29 zinarudi. Kwa mgahawa mkubwa wenye faida hilo ni jambo zuri sana. Kwa mzee wangu wa biriani halikuwa na maana kubwa, kwani nafuu hiyo hutolewa katika kodi unayodaiwa kwenye faida, na mwaka usio na faida hauna kodi ya kupunguzwa. Alibaki akiisogeza mbele mwaka hadi mwaka, kama mtu anayetunza tiketi ya basi ambalo halijafika.

Kuna shinikizo lingine kwa mwajiri ambalo wanaharakati huwa hawalitaji. Mhudumu anatakiwa kumwarifu mwajiri wake bakshishi yote akivusha dola 20 kwa mwezi. Akidanganya, je, nani anabeba? Swali hilo lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2002, katika kesi ya mgahawa wa Fior d'Italia wa San Francisco. Mwaka 1991 wahudumu wake walitaja bakshishi ya dola 247,181, ilhali karatasi za malipo ya kadi peke yake zilionyesha bakshishi ya dola 364,786. Idara ya kodi ikakadiria bakshishi ya wale waliolipa taslimu kwa wastani wa waliolipa kwa kadi, ikaujumlisha mzigo wote, na kumpelekea mwenye mgahawa madai ya dola 23,262 kwa miaka miwili. Mgahawa ukapinga: mtadaije mchango kwa makadirio, bila hata kumchunguza mhudumu mmoja? Mahakama, kwa majaji sita dhidi ya watatu, ikasema idara ina haki hiyo. Tangu hapo mwenye mgahawa mwenye akili anajua kwamba udanganyifu wa mhudumu wake unaweza kumrudia yeye, na amelazimika kuwa mlinzi wa mifuko ambayo si yake. Uhusiano wa kazi unaojengwa hivyo hauwezi kuwa na amani. Meneja anamshuku mhudumu, mhudumu anamficha meneja, na wote wawili wanamtabasamia mteja.

Dada yangu aliniambia kwamba katika mgahawa wake wa kwanza, kabla sijafika, meneja ndiye aliyewafundisha wapya kutaja kidogo. Asilimia nane ya mauzo, basi. Kiwango hicho hakikutoka hewani: sheria ya 1982 inazitaka sehemu kubwa za chakula na vinywaji ziwasilishe taarifa, na bakshishi iliyotajwa ikishuka chini ya asilimia nane ya mauzo, pengo linagawanywa kwa wafanyakazi kwenye hesabu za kodi. Kwa hiyo nane ikawa namba ya usalama. Mhudumu aliona ameokoa kodi, na meneja aliokoa mchango wake wa asilimia 7.65. Kwa mtazamo wa kijana wa semina yangu, hapa kila mtu ameshinda dhidi ya serikali.

Bili ilikuja mwaka 2020. Migahawa ilipofungwa kwa sababu ya korona, wahudumu walikwenda kuomba fao la kukosa kazi, na fao la jimbo hukokotolewa kwa mapato yaliyoandikwa. Aliyetaja nusu akakokotolewa kwa nusu. Dada alikuwa ametaja yote kwa miaka kadhaa, kwa sababu alipohamia mgahawa wa pili wateja karibu wote walilipa kwa kadi na hapakuwa na namna ya kuficha. Rafiki yake mmoja, Mkongo wa Lubumbashi aliyekuwa akifanya kazi kwenye mgahawa uliopokea fedha taslimu zaidi, alipata fao dogo kiasi kwamba bila nyongeza ya dola 600 kwa wiki iliyotolewa na serikali ya shirikisho kwa miezi michache asingeweza kulipa pango. Pensheni ni hivyo hivyo. Hifadhi ya jamii ya Marekani hupima mafao ya uzeeni kwa mapato yaliyorekodiwa katika miaka 35 bora ya mtu. Bakshishi isiyoandikwa haiko, haijawahi kuwako.

Ndiyo maana siwezi kuungana na wale wanaosema makato ya asilimia 7.65 nayo yafutwe. Kodi ya mapato na mchango wa hifadhi ya jamii vinatoka kwenye karatasi moja, lakini ni vitu viwili. Kodi inakwenda kwenye mfuko wa wote. Mchango unaandikwa jina lako, na mwajiri anaongeza wa kwake juu yake. Ukiufuta mchango wa mhudumu utakuwa umemsamehe mwajiri wa kwake, na kumwachia mhudumu uzee mtupu. Wabunge wa Washington, pengine kwa sababu za bajeti kuliko za huruma, waliliacha jambo hilo lilivyo. Nawashukuru kwa hilo.

Shaka yangu kubwa iko kwingine. Sheria mpya inahusu bakshishi ya hiari pekee. Kuna migahawa ya Marekani iliyokuwa imejaribu njia tofauti: kuondoa bakshishi, kuongeza ada ya huduma kwenye bili, na kwa fedha hiyo kumlipa mhudumu na mpishi mshahara unaojulikana, wiki ya mvua na wiki ya sikukuu. Ada ya lazima kwa sheria ya kodi ni mshahara, hivyo haiingii katika msamaha. Mhudumu wa mgahawa huo analipa kodi ambayo jirani yake wa bakshishi halipi. Mwajiri aliyejaribu kuwa mwadilifu anaadhibiwa, na wafanyakazi wake wenyewe watamwomba arudi kwenye utaratibu wa zamani. Chama cha wenye migahawa cha taifa kiliiunga mkono sheria hii, na sioni kwa nini kisingeiunga. Hazina ya serikali inaongeza kipato cha mhudumu bila mwajiri kutoa senti, na ile dola 2.13 haikutajwa. Ujerumani nayo haitozi kodi bakshishi ya hiari tangu 2002, na wapenzi wa sheria ya Marekani hupenda kuitolea mfano. Husahau kusema kwamba huko bakshishi hairuhusiwi kuhesabiwa ndani ya kima cha chini cha mshahara. Mwajiri analipa chake chote kwanza. Zawadi inabaki zawadi.

Hapo ndipo nilipomjibu yule mwanafunzi. Serikali inyooshe mkono au isinyooshe, nilimwambia, wewe umeuliza kuhusu mkono wa pili. Mkono wa kwanza ulikwisha kupita: ni ule uliochukua dola 5.12 za kila saa kutoka kwenye zawadi ya mteja na kuziita mshahara. Hakukubaliana nami. Alisema mhudumu hali falsafa, na dola 29 kwa wiki ni dola 29. Sikuwa na jibu la kumnyamazisha, wala sikulitafuta.

Baada ya semina hiyo alinifuata kijana mwingine, wa masomo ya jioni, ambaye mchana ni mhudumu katika hoteli moja ya watalii mkoani Kilimanjaro na huja chuoni kwa vipindi. Akaniambia kwa adabu: "Shikamoo, Mwalimu. Umetueleza ya Texas. Ya kwetu je?"

Ya kwetu yana sura nyingine lakini mifupa ni ileile. Sheria yetu ya Kodi ya Mapato imeyataja mapato ya ajira kwa upana, na sitashangaa siku moja mkaguzi akiuliza habari za sanduku la bakshishi linalokaa mapokezi katika kila hoteli ya kitalii. Hadi leo, kwa wahudumu wengi, hofu hiyo ni ya mbali. Mshahara wa wengi wao uko karibu na ile TSh 270,000 kwa mwezi ambayo haitozwi kodi, na bakshishi hugawanywa mwisho wa mwezi kwenye bahasha. Wapagazi wa mlimani wanaishi kwa bahasha hizo zaidi kuliko kwa ujira wa siku. Nchini kwetu mwajiri haruhusiwi kuandika kwenye mkataba kwamba mgeni wa kizungu atamlipia nusu ya mshahara. Ila ni waajiri wangapi wamewahi kumwambia kijana kwenye usaili, "Mshahara ni huu, lakini hapa bakshishi ni nzuri"? Kijana huyo aliambiwa hivyo hivyo.

Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri anatakiwa atoe angalau nusu yake. Unakokotolewa kwa mshahara ulioko kwenye mkataba. Kijana yule katika msimu wa Julai hadi Septemba hupata bakshishi inayozidi mshahara wake mara mbili, na hakuna hata shilingi moja ya bakshishi hiyo inayoonekana kwenye taarifa yake ya michango. Akifikisha ile miezi 180 inayohitajika ili apate pensheni, atalipwa kama mtu ambaye hakuwahi kuona msimu wa watalii. Benki nayo, alipoomba mkopo wa kununua kiwanja, ilitazama hati ya mshahara ikamkatalia.

Na sasa wageni wengi hawabebi fedha taslimu. Wanalipa kwa kadi au kwa simu, na bakshishi inaingia kwenye lipa namba ya hoteli, yaani kwenye akaunti ya mwenye mali, kabla haijamfikia aliyebeba sinia. Mwaka 2023 Uingereza ilitunga sheria, iliyoanza kutumika Oktoba 2024, inayomlazimisha mwajiri kuwagawia wafanyakazi bakshishi yote bila kuikata. Sisi hatuna kanuni iliyo wazi namna hiyo, na watunga sera wanaosoma ukurasa huu wangefanya jambo jema wakianza na hilo kabla hawajawaza kodi.

Katika hoteli ya kijana huyo wahudumu wameanza kujadiliana na uongozi. Wametaka bakshishi inayopita kwenye lipa namba iandikwe kwenye hati ya mshahara na ichangiwe NSSF. Mhasibu amewajibu kwamba ikiandikwa, hoteli itaongezewa mchango na tozo nyingine za mwajiri, na wao wenyewe wataingia kwenye kodi ambayo leo hawailipi. Anasema kweli pia. Wahudumu wenyewe wamegawanyika: wenye umri mkubwa wanataka iandikwe, vijana wanataka bahasha. Aliponiandikia mara ya mwisho walikuwa wamekubaliana kupiga kura baada ya msimu, na akaniomba nimtumie ile hesabu ya Texas ya mama mwenye watoto wawili, ameitafsiri kwa shilingi, anataka kuibandika ukutani kwenye chumba cha kubadilishia nguo.